Awesome, Aisee

Ilikuwa saa tisa usiku Nairobi, na upande wa pili wa laini jioni ilikuwa bado changa. Mwanamke mmoja alinipigia kutoka Marekani akitaka kufunga akaunti ya mume wake. Nikamuuliza sababu, kwa kuwa fomu iliyokuwa kwenye skrini yangu ilikuwa na kisanduku cha sababu. Akasema mume wake amefariki.

Nikasema, "Awesome! Could I get the account number?"

Neno lilitoka kabla sijalisikia. Halafu nikalisikia. Kwake kulikuwa na mbwa anabweka mbali, na kwangu dawati la jirani mtu alikuwa anasema "absolutely" kwa sauti ya furaha. Mama yule alinyamaza kidogo, kisha akanisomea namba ya akaunti, taratibu, tarakimu moja moja. Nilipopata ulimi nikamwambia, "I'm so sorry, ma'am." Akanijibu kwamba najua ninyi nyote husema hivyo, usijali.

Hadi leo sijui alimaanisha "sorry" au "awesome". Lakini swali hilo ndilo lililonipeleka kusoma historia ya maneno haya, kwa sababu nilitaka kujua nimeyatoa wapi na yameingiaje mdomoni mwangu kiasi cha kunitangulia.

Jibu la kwanza ni rahisi: nilifundishwa. Kabla ya kuwekwa kwenye simu tulikaa darasani majuma matatu, na mwalimu wetu, dada aliyeijua kazi hiyo kutuliko sote, alituambia siku ya kwanza, "Kiingereza chenu ni kizuri mno, na hiyo ndiyo shida. Mnaongea kama mnasoma taarifa ya habari." Akabandika karatasi ukutani: awesome, perfect, absolutely, wow, great question, no worries. Kila simu, angalau mara tatu. Ukiyasema, alisema, utasikika kama mtu wa kawaida.

Tulicheka, lakini mimi nilikumbuka darasa la sita na orodha ya vihisishi. Kama ulisoma Kenya hii unaijua: Lo! Ebo! Kefule! Hoyee! Ng'o! Tuliikariri kwa ajili ya mtihani na tukaipamba nayo insha. Sijawahi kumsikia mtu Umoja akikanyagwa kwenye matatu akasema "kefule". Anasema "woi", au "wee!", au anasema kitu ambacho hakiandikiki hapa. Vihisishi vya darasani vilikuwa Kiswahili sahihi kabisa, ila kwetu havikuwa na makao. Karatasi ya kol senta ilikuwa hivyo hivyo, tofauti ni kwamba hii ililipa.

Sasa, yale maneno yenyewe yametoka wapi? Tuanze na "awesome". Ndani yake mna "awe", ile hofu inayompata mtu mbele ya Mungu au radi. Kwenye maandishi ya Kiingereza neno hili lilionekana mwishoni mwa karne ya 16, na kwa muda mrefu lilikuwa neno zito la mambo mazito. Ni kuelekea miaka ya 1980 ambapo vijana wa Marekani walilifanya sifa ya kila kitu, kuanzia wimbi la bahari hadi pizza. "Terrific" nalo lilitoka kwenye Kilatini cha kutisha, na zamani kitu "terrific" kilikuwa cha kukufanya ukimbie. "Nice" ndilo lililotembea mbali zaidi: asili yake ni neno la Kilatini la mtu asiyejua kitu, na lilipoingia Kiingereza lilimaanisha mpumbavu.

Usiwacheke Waingereza haraka. Sisi husema msichana amependeza vibaya. Husema ngoma ni kali, jamaa anacheza mpira hatari, na kitu kikituzidi utamu tunasema ni noma. Inaonekana furaha ikizidi kipimo, lugha nyingi huenda kukopa kwa hofu, maana hofu ndiyo yenye maneno makubwa.

"Wow" ni la Waskoti, waliokuwa wakiliandika tangu mapema karne ya 16. "OK" lina hata tarehe ya kuzaliwa. Tarehe 23 Machi 1839, gazeti la Boston Morning Post lilichapisha herufi hizo kama mzaha, kifupisho cha "all correct" iliyoandikwa kwa tahajia mbovu makusudi. Ilikuwa fasheni ya vijana wa mjini wakati huo, kama tunavyoandika meseji leo. Mwaka uliofuata Rais Martin Van Buren alikuwa anatetea kiti chake, na wafuasi wake, waliomwita Old Kinderhook kwa sababu ya mji alikozaliwa, wakazigeuza herufi hizo kuwa mwito wa kampeni. Van Buren alishindwa uchaguzi. Neno likabaki, na sasa linasemwa mpaka na shosho asiyejua neno jingine la Kiingereza.

Na "hello", ambayo nilikuwa naifungulia kila simu? Simu ilipovumbuliwa, watu hawakujua waanze vipi mazungumzo na mtu wasiyemwona. Alexander Graham Bell alitaka tuseme "ahoy", mwito wa mabaharia. Thomas Edison akapendekeza "hello" mwaka 1877, neno ambalo hadi hapo lilikuwa zaidi la kumshtua au kumwita mtu aliye mbali. Edison akashinda. Kwa hiyo hata salamu ambayo dunia nzima huiona ya kawaida kuliko zote ilikuwa pendekezo la mtu mmoja aliyehitaji mashine ifanye kazi.

Hapo ndipo nilianza kuona mstari. Haya maneno hayakuota yenyewe kama nyasi. Kila moja lilikuwa na watu wake, na mara nyingi lilikuwa na kazi ya kufanya: kuchekesha gazetini, kutafuta kura, kupokea simu. Baadaye likapata kazi nyingine, ya kuuza.

Mwaka 1983 mwanasosholojia Arlie Hochschild alichapisha kitabu kiitwacho The Managed Heart. Alikuwa amewafuatilia wahudumu wa ndege wa shirika la Delta, akaona kwamba abiria hawakuwa wakinunua tiketi peke yake. Walikuwa wakinunua pia tabasamu, na wahudumu walifunzwa kulitoa, na si kulitoa tu bali kulihisi. Aliita hiyo kazi ya hisia. Aliwaeleza watu ambao baada ya shifti walishindwa kulivua tabasamu, kama kiatu kilichobana. Nilisoma hapo nikafunga kitabu kidogo. Mimi ni "awesome" iliyokuwa imenibana.

Lakini kwa nini sisi tulihitaji kufundishwa? Kiingereza tumekuwa nacho miaka yote hii. Jibu liko kwenye namna kilivyokuja. Katika Decolonising the Mind, kilichotoka mwaka 1986, Ngũgĩ wa Thiong'o anasimulia jinsi shule zilivyobadilika baada ya hali ya hatari kutangazwa mwaka 1952. Mtoto aliyenaswa akisema Kikikuyu alichapwa au alivishwa kibati shingoni chenye maneno ya kumtukana. Kulikuwa na kifungo kilichopitishwa kutoka mtoto hadi mtoto, ili jioni ijulikane nani alikosa na nani alimchongea. Miongo mingi baadaye, katika shule nyingi, kitu hicho kilikuwa bado kinazunguka kwa jina la diski au monto. Mimi pia nimekivaa. Nilikivaa kwa sababu nyuki aliniuma nikalia kwa lugha ya nyumbani.

Fikiria hilo. Kushangaa hakungoji sarufi. Mtu akichomwa, akishtuka au akifurahi ghafla, sauti hutoka kabla hajachagua lugha. Kwa hiyo lugha unayoogopa kuikosea haiwezi kuwa lugha yako ya kushangaa. Tulipewa Kiingereza cha mtihani, cha barua rasmi na cha bungeni, na tukakimudu vizuri sana. Woi, haki, uwii na wee zikabaki upande wa pili wa ukuta. Ndiyo maana dada yule alisema tunaongea kama taarifa ya habari. Tulifundishwa lugha nzima isipokuwa mshangao.

Halafu mwaka 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zikafika Mombasa kupitia chini ya bahari. Kabla ya hapo mawasiliano mengi yetu na nje yalipanda kwenye setilaiti na kushuka, yakichelewa njiani. Sasa sauti ya kijana wa Nairobi ingeweza kufika Ohio bila mwenye kupiga kuhisi umbali. Umbali wa bahari uliisha, ukabaki ule wa namna ya kuongea, na huo ndio tuliolipwa kuuficha.

Kusema kweli, hatukuwa wageni kwenye biashara hii. Tulikuwa tumeifanya kinyume. Mwaka 1982 bendi ya Them Mushrooms ilitoa "Jambo Bwana", wimbo uliokua kwenye hoteli za kitalii za Pwani, na watalii wakarudi kwao wakiwa na "jambo" na "hakuna matata" mdomoni. Wakija, huyasema kwa shangwe wakidhani wanaongea kama sisi. Nani kati yetu humsalimu rafiki yake "jambo"? Lakini pale uwanja wa ndege tunajibu "jambo!" kwa meno yote, kwa sababu tunaelewa anachotaka kusema: nimekuja kwa heri, nipokee. Si sarufi yake tunayoijibu.

Hiyo ilinisaidia kumwelewa mama wa Marekani. Niliposikiliza tena simu zangu za mafunzo, niligundua Wamarekani hawasemi "awesome" kwa sababu kuna jambo la ajabu. Mtu anakupa jina lake, unasema "awesome". Anataja mtaa wake, unasema "perfect". Hakuna ukamilifu wowote kwenye mtaa wake. Neno linafanya kazi ya "haya" yetu, ya "enhe", ya "sawa": nimekusikia, endelea. Usiku ule, mume wake alipotajwa, mimi nilikuwa nimesema "haya". Nadhani alilijua hilo kabla yangu, na ndiyo maana aliendelea kunisomea namba.

Kwa hiyo sikushauri uyaogope maneno haya, kama wewe ndiye unayeingia shifti kesho. Yatumie. Ila yajue kwa kazi yake, kama mpishi ajuavyo chumvi. Ukiyamwaga kila mahali utasikika kama tangazo, na siku ukikutana na msiba hutakuwa na neno lililobaki safi. Kwenye msiba, hata Kiingereza hunyamaza kwanza.

Na yanaweza kuwa yetu, tena yamewahi kuwa. Waingereza, hasa wale wenye majina marefu, walipenda kufungua mshangao kwa "I say!" Ni Kiingereza cha klabu na cha gofu, na huko kwao leo ukikisema watadhani unaigiza. Huku kilisikika, kikashikwa, kikakatwa kingo. Kikawa "aisee". Leo makanga anasema "aisee songa mbele", mlevi anasema aisee, mchungaji anasema aisee katikati ya mahubiri. Hakuna aliyebandika neno hilo ukutani na kusema litumike mara tatu. Hakuna aliyevishwa kibati kwa kulisema. Watu walilihitaji wakalichukua, na wenye nalo wa kwanza wamelisahau.

Juma moja baada ya simu ile, supavaiza aliniita tukaisikiliza pamoja, kama ilivyokuwa kawaida. Kwa uchangamfu nilipata alama 10 kwa 10. Nilikatwa mbili kwa sababu ya kunyamaza sekunde nyingi baada ya "awesome". Nikamuuliza kama amesikia mteja alisema nini kabla yake. Akarudisha nyuma, akasikiliza, akavua hedifoni. "Aisee," akasema, polepole. Kisha akaniambia fomu yake haina kisanduku cha jambo kama hilo, na alama zikabaki vile vile.

Niliacha kazi hiyo miezi sita baadaye, kwa sababu ya mshahara wala si falsafa. "Awesome" nilitoka nayo. Mwaka jana mama alinipigia kutoka nyumbani kuniambia binamu yangu amepata nafasi ya chuo kikuu, wa kwanza katika boma lao. Nikajibu bila kufikiri.

"Osam ndiye nani?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Nimesema aisee. Mwambie hongera sana."

"Sasa mbona unaongea kama mtu wa benki?" akasema, na kabla sijajibu akapiga kigelegele kimoja kirefu ndani ya simu, mpaka nikaiondoa sikioni.