Mlango wa kooni ulivyowasumbua wapimaji

Jamani, meza mate kidogo. Umemeza? Basi hapo nyuma ya zoloto kuna msuli umelegea na kujifunga tena, yote ndani ya sekunde moja hivi. Muda wote mwingine unakuwa umefungwa, hewa isijazwe tumboni na chakula kisirudi juu kuingia njia ya hewa. Usipofunguka, chakula kinakwama, na kingine kinaweza kuteremka mapafuni. Wanaopata kiharusi wanalijua hilo vizuri mno.

Mimi ni mtu wa habari, si daktari, lakini nimenogewa na historia ya jinsi watu walivyojaribu kuupima msuli huu.

Kisa kinaanzia Berlin, miaka ya 1880. Hugo Kronecker na mwanafunzi wake Samuel Meltzer walitumia vipulizo vidogo vilivyofungwa kwenye mipira. Meltzer mwenyewe ndiye aliyeimeza (sijui wangapi wetu tungekubali!). Kila akimeza maji, msukumo ulichorwa kwenye ngoma inayozunguka iliyopakwa masizi. Wakaona kwamba mdomo na koo huyarusha maji kabla misuli ya umio haijaanza kuyasukuma.

Turuke mpaka Mayo Clinic, Marekani. Mwaka 1955 Fyke na Code walichapisha vipimo vya shinikizo la eneo hilo hilo, watu wakiwa wametulia na wakiwa wanameza. Safari hii mrija wenye kipima shinikizo ulipitishwa mpaka kooni. Shinikizo likishuka, msuli umelegea. Rahisi, sivyo?

Hapana bwana. Unapomeza, zoloto linapanda (weka kidole shingoni uhakikishe), na msuli unapanda nalo kwa sentimita mbili hivi au zaidi. Mrija haupandi kiasi hicho. Kwa hiyo kipimo kilichokuwa katikati ya msuli kinajikuta kiko chini yake, kinasoma shinikizo dogo, na daktari anaandika: umelegea. Kumbe mlango umehama tu! Halafu mwaka 1972 Winans akaonyesha kwamba msuli huu haubani sawasawa pande zote. Mbele na nyuma unabana zaidi kuliko ubavuni, kwa hiyo hata upande ambao tundu la mrija limeelekea unabadilisha jibu.

Na si ubishi wa maabara tu. Tangu mwaka 1951, Kaplan alipoukata msuli huu kwa mgonjwa ambaye polio ilikuwa imemnyima kumeza, kisu kilikuwa mojawapo ya tiba. Sasa utamkata nani na utamwacha nani, kwa kipimo kinachodanganya?

Mwaka 1976 John Dent wa Australia akaja na wazo ambalo mimi naliona zuri kuliko yote. Badala ya nukta moja, aliweka mfuko mwembamba mrefu kandokando ya mrija, maji yakipita ndani. Msuli ubane popote kwenye urefu huo, unasomeka. Aliutengeneza kwa ajili ya mlango wa chini, karibu na tumbo. Mwaka 1987 Kahrilas, Dent na wenzao wakachapisha namna ya kuutumia juu, kooni. Siku hizi mirija ina vipima shinikizo vingi, sentimita moja moja, na kompyuta inachora ramani ya rangi. Hiyo ni kazi iliyoanzishwa na Ray Clouse miaka ya 1990.

Lakini jibu lililonishangaza lilitoka mwaka 1989. Cook na wenzake walipima shinikizo huku wakipiga picha za eksirei, wakakuta kwamba kulegea na kufunguka ni mambo mawili. Msuli unalegea kwanza. Kisha, kama sehemu ya kumi ya sekunde baadaye, misuli ya chini ya kidevu inavuta zoloto juu na mbele, na hapo ndipo mlango unafunguka. Maana yake mtu anaweza kuwa na msuli unaolegea vizuri na bado asimeze, kwa sababu anayeuvuta hana nguvu.

Reza Shaker akalichukua hilo. Zoezi lake: lala chali, inua kichwa mpaka uone vidole vya miguu, mabega yabaki chini. Mwaka 2002 alichapisha habari za wagonjwa 27 waliokuwa wakilishwa kwa mrija, na baada ya wiki sita za zoezi hilo walirudi kula kwa mdomo. Bila kisu.