Mkate Wenye Jina la Mji

Mcheza kwao hutuzwa, na watu wa Dresden wanacheza kwao kwa unga na siagi. Ndugu msomaji, usinicheke. Mimi ni mtoto wa Unguja, nimekulia Kikwajuni, karibu na majumba yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964, na masomo yamenileta nchi hiyohiyo walikotoka wahandisi wale. Nilidhani nitawaandikia habari za viwanda. Kumbe kilichonishika ni mkate!

Mkate wenyewe huitwa Stollen. Ni mkate mtamu wa Krismasi, mzito, umejaa zabibu, lozi na maganda ya malimau na machungwa yaliyopikwa kwa sukari, kisha hunyunyiziwa sukari ya unga mpaka ukawa mweupe pe. Wenyewe husema umbo lake ni la mtoto Yesu aliyeviringishwa nguo. Hauliwi siku ya kuokwa, bwana. Huwekwa mahali pa baridi wiki kadhaa ukakolea taratibu.

Habari zake za kwanza mjini Dresden zimo katika hesabu za hospitali moja ya Kikristo, mwaka 1474. Wakati huo haukuwa na utamu wa kusimuliwa. Siku za kungojea Krismasi zilikuwa za mfungo, siagi na maziwa mwiko, basi ulikuwa unga, hamira, maji na mafuta tu. Watawala wa Saxony wakamwomba Papa awalegezee, na mwaka 1491 Papa Innocent VIII akaruhusu siagi, lakini kwa malipo ya toba. Yaani siagi iliingia mkatani kwa kulipiwa!

Mwaka 1730 mtawala August, aliyepewa lakabu ya Mwenye Nguvu, aliokewa Stollen ya tani 1.8 kwa sherehe ya majeshi yake, na kisu cha kuikatia kilikuwa na urefu wa mita 1.6. Tangu 1994 mji hukumbuka mambo hayo kila Desemba kwa kupitisha Stollen kubwa barabarani.

Lakini fahari ya mji haikulala kwa watawala. Ililala majumbani. Kila familia ilikuwa na kipimo chake: hawa wanatia kungumanga, wale basibasi, na siri haitoki nje ya ukoo. Watu walibeba vitu vyao hadi kwa mwoka mikate, wakachomeka kibati chenye jina ili mkate wa fulani usije ukaenda kwa fulani.

Kisha ikaja vita. Februari 1945 mabomu yaliteketeza katikati ya mji, na baadaye Dresden ikawa ndani ya Ujerumani Mashariki. Zabibu na lozi zikawa adimu. Wenye ndugu Magharibi waliletewa vifurushi, nao wakarudisha shukrani kwa kutuma Stollen. Na palipokosekana maganda ya malimau, nyanya mbichi zilipikwa kwa sukari, zikakatwakatwa, zikatiwa humo.

Ukuta wa Berlin ulifunguliwa 1989, nchi zikaungana 1990, na 1991 waoka mikate wa Dresden wakaunda chama cha kulinda jina la mkate wao. Mwaka 2010 Umoja wa Ulaya ukaliwekea ulinzi wa kisheria. Sasa kuna masharti: kwa kila kilo 100 za unga, siagi isipungue kilo 50 na zabibu kilo 65. Margarini marufuku.

Hapo ndipo paliponiwasha. Kwa masharti hayo, ile ya nyanya si Stollen ya Dresden. Lakini bibi mwenye nyumba ninayopanga, akisimulia Krismasi za utoto wake, hamtaji August wala Papa. Anataja nyanya. Siku moja nikamuuliza, "Bibi, ile ilikuwa Stollen kweli?" Akanitazama kama niliyemtukana. "Ilikuwa yetu," akasema, akaendelea kukanda.

Mimi namuunga mkono. Sheria ni nzuri, inazuia wa mbali wasijitajirishe kwa jina la wenyewe. Lakini mwaka 1991 chama kisingekuwa na kitu cha kulinda kama kina mama wale wangesema, "Hakuna malimau, basi tusioke." Walioka na walichonacho. Hao ndio walinzi wa kwanza, hata kama mkate wao leo haupiti masharti.

Na sisi je? Mkate wetu wa kumimina una historia gani iliyoandikwa? Tunajisifu nao, lakini ukimuuliza kijana kipimo, anacheka: "Muulize bibi." Bibi naye haishi milele. Historia ya Stollen inaanzia kwenye hesabu ya hospitali, karatasi ambayo mtu hakuitupa. Basi vijana wenzangu, muulizeni bibi kabla hajachoka, andikeni vipimo vyake, na mwaka muutie. Fahari isiyoandikwa hufa na mwenyewe.