Mshono wa Mwaka 1956: Bomba Lililopasuka San Bruno

Wenzangu waliposikia kwamba insha yangu ya historia itahusu bomba la gesi, walicheka. Kwao historia ni wafalme, vita na mikataba. Lakini bomba ninalolieleza hapa liliharibiwa na mambo mawili: mshono mbovu na karatasi mbovu. Karatasi ni kazi yetu sisi wanahistoria.

Tarehe 9 Septemba 2010, saa 12 na dakika 11 jioni, bomba la chuma lenye kipenyo cha inchi 30 lilipasuka chini ya mtaa wa makazi mjini San Bruno, karibu na San Francisco, nchini Marekani. Kipande chenye uzito wa zaidi ya kilo 1,300 kilirushwa umbali wa mita 30 hivi. Gesi ikawaka. Watu 8 walikufa na nyumba 38 ziliteketea. Ilichukua dakika 95 kuikata gesi hiyo, kwa maana valvu zilikuwa za kufungwa kwa mkono, na mafundi walipaswa kwanza kuzifikia wakipita katikati ya foleni za magari.

Ili kuelewa kilichotokea, tuangalie jinsi bomba kubwa linavyotengenezwa. Bamba la chuma hukunjwa mpaka kingo zake mbili zikutane, kisha kingo hizo huchomelewa kwa urefu wote wa bomba. Hapo ndipo penye mshono. Gesi iliyoshinikizwa ndani husukuma pande zote, na nguvu inayotaka kuuachanisha mshono huo wa urefuni ni mara mbili ya ile inayovuta maungio ya bomba kwa bomba. Kwa hiyo kasoro ndogo mshononi ni jambo kubwa. Tena shinikizo hupanda na kushuka kila siku, na ufa mdogo hukua polepole, kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa mpaka ukatike.

Bomba hilo, Line 132 la kampuni ya PG&E, lilijengwa mwaka 1948. Mwaka 1956 sehemu yake ilihamishwa ili kupisha ujenzi wa nyumba, na hapo mafundi waliunganisha vipande vifupi kadhaa. Wachunguzi wa Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri walipovipima baada ya mlipuko, walikuta kwamba baadhi ya vipande vilikuwa vimechomelewa upande wa nje tu. Ndani hapakuwa na kitu. Mshono uliopaswa kushika unene wote wa chuma ulishika sehemu yake tu, na ukavumilia hivyo kwa miaka 54.

Sasa njoo kwenye karatasi. Katika kumbukumbu za kampuni, sehemu hiyo iliandikwa kuwa ya bomba lisilo na mshono. Ukiamini kwamba mshono haupo, utaukagua kwa nini? Mimi naona kosa hilo ni zito kuliko la mchomeleaji wa mwaka 1956. Yeye alikosea mara moja. Kumbukumbu ilikosea kila mwaka ilipofunguliwa na kusomwa.

Sheria nayo ilichangia. Jaribio linalofichua mshono dhaifu linajulikana tangu zamani: bomba hujazwa maji, kisha shinikizo hupandishwa kupita lile la kazi ya kawaida. Mshono mbovu ukipasuka, kinachomwagika ni maji. California ililazimisha jaribio hilo kwa mabomba mapya mwaka 1961, na kanuni za nchi nzima zikafuata mwaka 1970. Lakini mabomba yaliyokwisha kufukiwa yalisamehewa. Yaliruhusiwa kuendelea na shinikizo la juu kabisa ambalo yaliwahi kubeba miaka ya nyuma. Yaani mzee alipewa cheti cha afya kwa kuwa jana alikuwa hai! Jioni ile ya mwaka 2010, kazi ya umeme katika kituo cha Milpitas ilisababisha valvu kufunguka na shinikizo kupanda. Bomba lilipasuka likiwa na paundi 386 kwa kila inchi ya mraba, chini ya kiwango halali cha 400.

Mwaka 2011 kampuni ilisafirisha masanduku mengi sana ya karatasi hadi Cow Palace, ukumbi mkubwa wa michezo na maonyesho, na wafanyakazi wakakesha wakitafuta hati za mabomba yao. Naifikiria picha hiyo mara nyingi: watu wakipekua mafaili ya babu zao ili wajue ni nini kimelala chini ya nyumba za watu. Mwaka huohuo majaribio ya maji yakaanza kufanywa kwenye mabomba ya zamani. Mwezi Oktoba, karibu na Bakersfield, bomba moja lilipasuka likijaribiwa na kuacha shimo shambani. Hakuna aliyeungua. Mwaka 2016 mahakama iliitia hatiani kampuni hiyo kwa makosa ya usalama wa mabomba na kwa kuwazuia wachunguzi.

Nimeyaandika haya nikiwa Uganda, nchi ambayo bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 linaanzia, kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Vipande vyake vya chuma vilichomelewa karne hii, kwa mitambo ambayo fundi wa mwaka 1956 hakuijua, na kila kimoja kina hati zake. Ningependa kujua hati hizo zitahifadhiwa katika jengo gani, la nchi ipi, na nani atakuwa na ufunguo wake mwaka 2080.