Kansanga na Jirani Zake: Asili ya Majina ya Kampala

Kansanga ni mtaa ulio kusini-mashariki mwa Kampala, kando ya barabara iendayo Ggaba kwenye ufuko wa ziwa. Zamani palikuwa shamba, migomba mbele na nyuma. Mji ukakua, mipaka yake ikapanuliwa mwaka 1968, na leo pana maduka, hosteli na chuo kikuu. Migomba imepungua, bali jina limebaki. Sisi walimu wa Kiswahili tuna haja ya kulitazama jina hili pamoja na ya jirani zake.

Tuanze na jina la mji wenyewe. Mwezi Desemba 1890 Kapteni Lugard alipiga kambi juu ya kilima ambacho Waganda hukiita akasozi k'empala. Wako wasemao kwamba Kabaka aliwinda hapo tangu kale. Wengine husema Waingereza ndio waliokiita kilima cha swala, na Waganda wakafasiri. Hadithi ni mbili, lakini sarufi ni moja. Akasozi ni kilima. Empala ni mnyama yule ambaye sisi twamwita swala pala. Neno la kwanza lilipodondoka, likabaki lile la pili pamoja na kiunganishi chake: Kampala. Ka hiyo, basi, si ya udogo bali ni sawa na cha katika "kilima cha pala". Mwanafunzi wa Dar es Salaam ajuaye Chang'ombe ataielewa mara moja, maana hapo nako nomino imekwenda zake na "cha ng'ombe" imebaki.

Jirani za Kansanga nazo zina mafunzo. Nsambya huhusishwa na mti uitwao omusambya. Kabalagala ni jina pia la kitumbua cha ndizi mbivu na unga wa muhogo, na kitenzi okubalagala maana yake ni kuwasha kama pilipili. Mbele kidogo, Mengo, kilima cha ikulu ya Kabaka, kina jina la mawe ya kusagia, na Namirembe ina ndani yake neno mirembe, yaani amani.

Ama Kansanga, umbo lake laonyesha ka mwanzoni, na ndani yake lasikika sanga, ambalo katika Kiganda ni kitenzi cha kukuta au kukutana na mtu. Hapa ndipo mwalimu apaswapo kuwa na subira. Ni rahisi kutunga kisa cha wasafiri waliokutana njiani, na darasa zima likakipenda. Lakini sauti peke yake si ushahidi. Ka yaweza kuwa ya udogo, au yaweza kuwa kiunganishi kama katika Kampala. Atakaye kuamua hana budi kuwasikiliza wazee wakilitamka jina, kutazama lilivyoandikwa katika hati za ardhi ya mailo zilizotokana na Mkataba wa 1900, na kuuliza ni ukoo gani uliokaa hapo kwanza. Kazi hii haiwezi kungojea, kwa kuwa wazee wapungua na mashamba yanageuka viwanja.

Kwa nini twayasema haya katika jarida la Kiswahili? Kwa sababu Kiswahili nchini Uganda kimebeba mzigo wa shaka. Gavana Gowers alipotaka kukieneza shuleni katika miaka ya 1920, Kabaka Daudi Chwa alipinga, akihofia kwamba Kiganda kingemezwa. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi, lakini uamuzi wa serikali hauondoi hofu moyoni mwa mzazi. Mwalimu aingiaye darasani Kansanga akianza na akasozi k'empala na kilima cha pala, omuti na mti, ennyumba na nyumba, atawaonyesha watoto kwamba mgeni huyu ni ndugu wa damu. Hakuja kulifuta jina la kijiji chao. Amekuja na ufunguo mmoja zaidi wa kulifungulia.

Basi, ndugu walimu, wapeni wanafunzi kazi hii: kila mmoja alete jina la pahali pao, vipande vyake, na shahidi wake.