Fundi wa viyoyozi: 'Kuongeza gesi' si tiba

KATIKA majumba ya ofisi jijini Nairobi na hoteli za Mombasa, fundi wa viyoyozi aghalabu huitwa nyakati mbili: chumba kinapokataa kupoa, na maji yanapoanza kudondoka kutoka darini. Mara nyingi mwenye jengo huwa amekwisha kuamua maradhi na dawa yake, kwamba gesi imekwisha na inafaa iongezwe.

Dhana hiyo ni potovu. Gesi ya kiyoyozi haiungui ikaisha kama petroli, bali huzunguka ndani ya mabomba ya shaba yaliyofungwa kabisa. Kompresa huisukuma kwa shinikizo hadi kwenye koili ya nje, ambako hutoa joto na kugeuka kuwa majimaji. Kisha hupenya katika njia nyembamba, shinikizo likashuka, nayo ikachemka ndani ya koili ya chumbani na kufyonza joto lililomo. Ikipungua, basi kuna mahali inapovuja.

Fundi asiye makini huongeza gesi, akalipwa, na kuitwa tena baada ya miezi michache. Aliyefunzwa huanza na kichujio. Kichujio kikijaa vumbi, hewa haipiti vyema, na koili ya ndani hupoa kupita kiasi hata ikafunikwa na barafu. Gesi inapopungua, barafu vilevile huonekana. Dalili ni moja, maradhi ni mawili, na anayeongeza gesi bila kutazama kichujio huenda akaiua kompresa, ambayo ni miongoni mwa sehemu zenye gharama kubwa zaidi.

Iwapo kweli kuna uvujaji, fundi hujaza mabomba naitrojeni kwa shinikizo na kupaka povu la sabuni kwenye viungo. Oksijeni haitumiwi kamwe kwa kazi hii, kwani ikikutana na mafuta ya kompresa yaweza kulipuka. Baada ya tundu kuzibwa, pampu hufyonza hewa na unyevu wote, ndipo gesi mpya ikatiwa kwa kupimwa kwenye mizani kulingana na kibandiko cha mtambo. Asiyekuja na mizani hubahatisha tu.

Pwani kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu upepo wa bahari wenye chumvi hula mapezi ya alumini ya koili ya nje. Unyevu mwingi nao huzidisha maji yanayotoka kwenye mtambo, na bomba la kuyatoa likiziba kwa utelezi, dari huharibika ilhali gesi haina hatia yoyote.

Gesi inayoachiliwa hewani haipotei bure. Kilo moja ya R22, iliyotumika sana katika viyoyozi vya zamani, huongeza joto duniani sawa na takriban kilo 1,800 za kaboni dioksidi, mbali na kudhuru tabaka la ozoni. Mkataba wa Montreal wa 1987 na marekebisho yake unazitaka nchi zinazoendelea, Kenya ikiwemo, kuachana nayo kufikia 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha kukarabatia mitambo iliyopo.

Hata hivyo, baadhi ya gesi mbadala zina hatari yake. R32 hushika moto, japo si kwa wepesi. R290 ni propani, jamaa ya gesi ya kupikia, na kuitia katika mtambo uliotengenezewa R22, wenye swichi zinazoweza kutoa cheche, ni kuwahatarisha wote waliomo jengoni. Fundi mwenyewe hukabiliwa pia na umeme, kwani kapasita yaweza kuuhifadhi hata baada ya swichi kuzimwa.

Ufundi huu hufunzwa katika vyuo vya kiufundi, na wengi waliojifunza kazini hufanya mitihani ya Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA). Majengo yenye utaratibu huweka daftari la kila mtambo, linaloonyesha tarehe, mahali palipovuja, kiasi cha gesi kilichotiwa na jina la aliyeitia.