Leta Watu Sita, Nao Walete Sita

Wengi wetu hudhani hizi biashara za "leta watu chini yako" zilizaliwa juzi kwa WhatsApp. Zi! Zimezidi mababu zetu wengi kwa umri.

Mimi zilinipata nikiwa mwaka wa pili kampasi. Msee tuliyesoma naye sekondari alinipigia: "Buda, Jumamosi uko wapi? Kuna kitu nataka uone." Kufika, ukumbi umejaa vijana wa suti, watu wanapiga makofi kama kwa krusedi. Nikatoka hapo nimelipia katoni ya sabuni na vidonge kwa karo ya semista. Nikajiambia nitairudisha kabla ya mitihani.

Sasa twende Marekani, 1945. Wanaume wawili, Lee Mytinger na William Casselberry, wanapata haki ya kuuza vitamini za Nutrilite. Wanaunda mpango: unauza, na pia unakula asilimia ya mauzo ya wale umewaingiza. Wauzaji wao wawili, Rich DeVos na Jay Van Andel, wakaanzisha Amway 1959.

Serikali ikawashtaki. 1979 tume ya biashara, FTC, ikaamua Amway si piramidi, mradi malipo yatoke kwa bidhaa na si kwa kuingiza watu. Lakini uamuzi huohuo ulisema kampuni ilikuwa imetia chumvi kuhusu kipato. Hiyo sehemu ya pili hutaisikia ukumbini. Halafu 2016, Herbalife ikakubali kulipa dola milioni 200, FTC ikisema mfumo wake ulizawadi kuingiza watu kuliko kuuza.

Shida ni hesabu, na hata mimi niliyeacha chuo naiweza. Wewe leta sita. Kila mmoja alete sita. Ngazi ya pili ni watu 36, ya tatu 216. Ngazi ya kumi? Watu 60,466,176. Sensa ya 2019 ilipata Wakenya milioni 47.6. Yaani nchi imeisha na watoto wachanga tumewauzia sabuni, bado hatujatosha. Kwa hivyo walio chini kabisa, ambao ndio wengi, hawana mtu wa kuleta. Si uvivu wao. Watu wameisha tu.

Ukialikwa, uliza swali moja: nikikosa kuleta hata mtu mmoja, hii bidhaa inanilipa? Wakianza hadithi ya gari la bosi, chukua mkoba wako uende.

Ile karo mathee alikuwa ameikopa kwa chama. Amemaliza kuilipa mwaka jana, na hajawahi kuniuliza. Katoni bado iko chini ya kitanda.

Kama kuna msee amekualika Jumamosi hii, mtumie hii kwanza.