Hesabu meno ya difu kabla ya kuifunga

MACHAKOS imewahi kuandaa raundi za mbio za magari za kitaifa, na wapenzi wa mchezo huo wangali wanaienzi Datsun 240Z, gari lililoshinda Safari Rally mwaka wa 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta.

Gari hilo lilitoka kiwandani na difu ya R180. Mafundi wengi huiondoa na kufunga R200 ya Datsun 280Z, gari lililotoka mwaka wa 1975. Gia yake kubwa ina kipenyo cha takriban milimita 200, hivyo huhimili injini yenye nguvu zaidi.

Hata hivyo, chuma cha nyuma kinachoishikilia R180 hakilingani na R200. Sharti kitolewe kwenye gari lilelile lililotoa difu. Flanji ya propela nayo ikaguliwe.

La hatari zaidi ni meno. R200 yenye gia ya meno 37 na nyingine ya meno 10 ina uwiano wa 3.70. Ikichukua nafasi ya difu ya 3.90, injini hutulia kwenye tambarare lakini hulemewa mapema mlimani.

Isitoshe, waya wa spidomita hutoka kwenye giaboksi. Gari likishuka kwa kilomita 100 kwa saa, mshale huonyesha takriban 95. Gia ndogo ya spidomita isipobadilishwa, dereva ataingia konani akidhani amepunguza mwendo.